Nyumba Nne za Jina Moja

Jina langu sitaliandika. Si kwa maringo wala si kwa woga. Nikiliandika, mtu yeyote wa Msambweni atazijua nyumba ninazozisema na watu waliomo, na watu hao wangali hai, nakutana nao sokoni. Itoshe kusema kwamba ni jina fupi, lenye maana njema, linalomfaa mwanamume na mwanamke, na kwamba katika pwani yetu hii ya kusini kuna nyumba nne zinazoitwa kwa jina hilo.

Ya kwanza na kubwa kuliko zote iko Msambweni, imejengwa kwa mawe na chokaa, na boriti zake za mikoko zimeanza kulegea upande wa magharibi. Ilikuwa ya mtu aliyepata kuwa mudiri enzi ya Waingereza, yaani mkubwa wa serikali katika vijiji hivi, chini ya liwali. Watu humtaja kwa mambo mawili: alichimbisha kisima kinachonywewa mpaka leo, na alikataa kutia sahihi karatasi ya kuwaondoa watu kwenye mashamba ya ufuoni. Ya pili iko Tiwi, katikati ya minazi, ndiko alikostaafia. Siku hizi hukodishwa kwa wageni wa mwisho wa wiki. Ya tatu si nyumba hasa, ni sehemu ya hoteli huko Diani, iliyopewa jina hilo kwa kuwa kiwanja kilikuwa chake zamani. Ya nne ni kibanda cha udongo Majoreni, kwa watu wa baba yangu. Hii ya nne nilikuwa nikiionea haya. Nilidhani wazee wetu waliiga tu, kama maskini anavyomwita mbuzi wake Sultani.

Nilipokuwa mdogo, baba yangu akinipitisha mbele ya ile nyumba ya mawe, alinishika bega akaniambia, "Tazama, nyumba ya somo yako." Somo ni mtu mwenye jina lako, hasa yule uliyeitwa kwa jina lake. Nilikua nikiamini kwamba niliitwa kwa jina la mudiri. Nilikwenda shule nalo, nikaolewa nalo, nikawa mwalimu wa historia nalo. Darasani, tulipofika kwenye habari za Waingereza na ardhi ya pwani, sikukosa kuwaambia wanafunzi, "Huyu ni somo yangu." Na walinitazama kwa namna niliyoipenda.

Likizo moja ya Agosti, si miaka mingi iliyopita, alinijia ofisa mmoja wa utamaduni. Alikuwa mwanamke wa bara aliyehamia Ukunda, mchangamfu, mwenye haraka. Walikuwa wanataka kuweka vibao mbele ya nyumba za kale ili wapita njia wajue ni za nani.

"Mwalimu, wewe ndiye unaijua hii story," akaniambia. "Niandikie maneno kama mia hivi. Yasizidi. Mgeni anasimama dakika moja, anapiga picha, anaenda."

Nilikubali kabla hajamaliza. Jioni ile ile nilikaa na daftari, nikaandika habari za kisima na karatasi iliyokataliwa. Nikaona pengo moja: sikujua lolote kuhusu utoto wake. Alizaliwaje, alilelewa na nani, kwa nini mwana wa mfanyabiashara tajiri akaitwa jina ambalo halikuwa la baba zake? Nikaazimia kwenda Majoreni kumwuliza shangazi yangu, dada wa baba, ambaye amepita miaka themanini na hajasahau kitu isipokuwa alichoamua kukisahau.

Nilimkuta barazani akisuka ukili wa mkeka. Ana jicho moja linaloona, lakini vidole vyake havihitaji jicho. Nilimwamkia, nikampa sukari na sabuni nilizomchukulia, nikaketi kwenye jamvi.

"Shangazi, nimekuja unieleze habari za somo yangu."

"Somo yako yupi?"

"Mudiri."

Vidole vikasimama. Hilo peke yake lilinishtua, maana shangazi husuka hata akiwa anamsema mtu vibaya.

"Somo yako amelala hapo nyuma ya jiko," akasema. "Mudiri ni somo wa huyo. Si wako wewe."

Nilidhani amechanganyikiwa. Nikamweleza taratibu, kama ninavyowaeleza wanafunzi, kwamba aliyezikwa nyuma ya jiko ni mama yake babu, na kwamba yeye aliitwa jina lile kwa kumheshimu mudiri. Shangazi aliniacha nimalize, kisha akauweka ukili kando.

"Mwanangu, wewe umesoma, lakini hapa umeanza kusoma kitabu katikati. Nani alizaliwa kwanza?"

Akanieleza.

Mama wa mudiri, bibi wa ile nyumba ya mawe, alizaa watoto wanne na kuwazika wote wanne. Wa tano alipozaliwa, akiwa mwembamba kama ukuti, wazee wakasema mauti yameizoea nyumba ile na yanajua njia. Wakaona mtoto afichwe. Njia ya kumficha mtoto zamani ilikuwa ni kumwuza, kisha kumwita kwa jina la mtu ambaye hata mauti hayamwonei wivu. Katika nyumba ile kulikuwa na msichana aliyenunuliwa kutoka kusini, akapewa jina na watu waliomnunua. Alikuwa amezaa mtoto, mtoto akafa, na maziwa yalikuwa bado yapo. Basi wakamwuza mtoto kwake. Akapewa kibaba cha mtama asubuhi, na mchana akakitoa kuwa bei. Mtoto akawa wake, akamnyonyesha, na akaitwa kwa jina lake.

"Unaona?" shangazi akasema. "Aliyenunuliwa akanunua."

Mtoto hakufa. Alipotimiza miaka saba, wenyewe walitaka kumkomboa, kama ilivyo desturi. Wakamwuliza yule mlezi anataka nini. Walitegemea ataomba kanga, au kuku, au siku ya kupumzika.

"Akawaambia, mtoto wenu mchukueni, na mimi nipeni mimi."

Shangazi alisema maneno hayo kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi.

Walimpa. Aliondoka Msambweni kwa miguu, akiwa na mkoba wa ngozi usiokuwa na kitu na mimba changa ambayo shangazi hakusema ni ya nani, akaja mpaka Majoreni, akajenga, akamzaa babu yangu. Watu wakaiita nyumba kwa jina lake. Huko Msambweni yule mtoto akakua, akasoma, akawa mudiri, na nyumba yake nayo ikaitwa kwa jina lake. Likawa jina moja katika nyumba mbili, ila lilikuwa limetoka kwetu.

Sikuweza kukaa. Nilisimama nikaenda mpaka kwenye mnazi, nikarudi, nikaketi, nikasimama tena. Mimi niliyewafundisha watoto kwa miaka ishirini kwamba watu waliouzwa walivuliwa majina yao wakapewa majina ya heri na baraka yaliyowafurahisha wenye kuwamiliki, sikuwahi hata siku moja kulitazama jina langu mwenyewe.

"Una ushahidi gani, shangazi?" nikauliza. Niliona aibu baadaye kwa sauti niliyotumia.

"Karatasi sina. Nina jicho, na siku hizo nilikuwa nayo mawili." Akanyoosha mkono kuelekea jikoni. "Siku alipozikwa, nilikuwa mtoto wa kung'oka meno. Sisi watoto wa kike tulifungiwa jikoni, nikachungulia kwenye makuti. Likaja gari. Akashuka mzee mwenye joho. Watu wakasimama wote. Mudiri. Akavua joho, akamkabidhi mtu, akauliza nani ameingia kaburini. Wakamwambia, mwanawe. Akasema, basi na mimi. Akashuka kwenye shimo na kanzu yake nyeupe, akampokea."

Nilielewa. Kwetu mwanamke hateremshwi kaburini na mwanamume yeyote tu. Huteremshwa na maharimu wake, walio ndugu zake wa karibu, na mtoto aliyenyonyeshwa ni miongoni mwao. Mkubwa wa serikali aliingia kaburini mwa mwanamke wa kibanda cha udongo mbele ya kijiji kizima, na kwa kushuka kule alisema jambo ambalo hakuna kibao kilichowahi kulisema.

"Na baba alijua?"

"Baba yako alikuwa mkubwa kwangu. Alibeba udongo siku ile."

"Kwa nini aliniambia mimi ni somo wa mudiri?"

Shangazi akaokota ukili wake. "Alitaka uende shule kichwa kikiwa juu. Watoto wa Msambweni wangekuita mjukuu wa mtumwa. Wewe ungevumilia?"

Nilimkasirikia baba yangu, ambaye amekufa na hawezi kujitetea, na hasira ya namna hiyo haina pa kuishia.

Siku zilizofuata sikutulia hata kidogo. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Nilianza barua nikazichana. Mume wangu, mtu mpole anayefuga kuku na hapendi makelele, aliniuliza kama nina homa. Nilipomweleza akasema, "Kwani jina limebadilika?" Nikamwambia aende kwa kuku wake.

Nilikwenda Tiwi. Mtunzaji wa nyumba, kijana mkubwa kutoka vijiji vya ndani, alinifungulia kwa kuwa mtoto wake nilimfundisha. Nilizunguka vyumbani nikitafuta sijui nini. Ukutani kulikuwa na picha ya mudiri mzee, kiti chake kikiwa kimeelekezwa kusini. Nilisimama mbele ya picha ile nikiutafuta uso wa mtu aliyenyonya maziwa ya mama yake babu yangu. Niliona mzee aliyechoka na mwenye masikio makubwa.

"Mwalimu, umepoteza kitu?" mtunzaji akauliza.

"Hapana," nikasema, nikatoka.

Kesho yake nilikwenda Diani, kwenye ile hoteli. Mhudumu alinikaribisha kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili cha Nairobi alipoliona buibui langu. Nilipouliza kwa nini sehemu ile inaitwa hivyo, akatabasamu, akanionyesha karatasi ya vinywaji: kulikuwa na maji ya embe na tangawizi yenye jina langu. "Wageni wanaipenda sana, mama. Nikuletee?" Nilikunywa. Yalikuwa matamu mno. Nilitaka kucheka, na badala yake machozi yakanitoka, na yule mhudumu maskini akadhani tangawizi imezidi.

Ofisa alinipigia simu mara tatu. Mara ya tatu akasema, "Mwalimu, fundi wa kibao ananisumbua. Hayo maneno yako wapi?"

Nilikaa nikayaandika upya. Niliweka kisima, nikaweka karatasi iliyokataliwa, na juu ya hayo yote nikaandika kwamba mudiri alipewa uhai na jina na mwanamke aliyekuwa mtumwa katika nyumba hii. Kisha nikatambua kwamba siwezi kuyapeleka kwa ofisa kabla ya kuyapeleka kwa mwenye nyumba.

Mwenye nyumba ni mjukuu wa mudiri, bibi wa miaka themanini hivi, mjane, anayeishi na binti yake katika vyumba vitatu visivyovuja. Ni mwanamke mwenye adabu nzito. Tangu utoto wangu alinipenda kwa ajili ya jina. Nikipita alikuwa akiniita, "Somo wa babu, njoo ule halua."

Nilimsomea. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza, "Nani aliyekuambia?"

"Shangazi yangu, wa Majoreni."

"Ni uongo."

"Bibi, alimwona babu yako akiingia..."

"Nimesema ni uongo." Hakupaza sauti. Alijifunika vizuri mtandio wake. "Watu wa kwenu tumewaheshimu siku zote. Leo mnataka kuingia katika nasaba yetu kwa mlango wa jikoni?"

Maneno hayo yalinichoma, nami nikasema nisilopaswa kumwambia mtu mzima. "Mlango wa jikoni ndio tuliotokea, bibi. Hatuna haja ya kuingia tena."

Binti yake akatoka ndani kutazama kuna nini. Nikachukua daftari langu, nikaondoka bila kuaga. Njiani nilijiambia nimeharibu kila kitu: heshima ya baba, amani ya shangazi, halua ya miaka hamsini.

Zikapita siku nne. Nilimwambia ofisa aandike habari za kisima tu, basi. Akasema sawa, kwake yote ni sawa. Nikakata simu, nikaona kwamba kwangu si sawa, nikampigia tena kumwambia asubiri. Akaguna.

Siku ya tano binti wa yule bibi alinipigia. "Mama anakuita."

Nilimkuta ameketi pale pale. Hakuniomba radhi, nami sikuitarajia. Alianza kana kwamba tuliachana jana katikati ya sentensi.

"Marehemu mama yangu alikuwa akituambia jambo ambalo hatukulielewa. Babu alirudi siku moja kutoka kusini na kanzu imejaa udongo mpaka kifuani. Dobi alipotaka kuichukua, babu akakataa. Ilikaa sandukuni hivyo hivyo mpaka alipokufa. Mama aliuliza, babu akamwambia, ni udongo wa mamangu. Na mama yake mzazi amezikwa hapa, ndani ya kuta hizi, tangu babu akiwa kijana." Akanitazama. "Tulisema uzee umemwingia."

Nje mtu alikuwa akichanja kuni.

"Neno lile litoe," akasema hatimaye. "Mtumwa. Andika mlezi."

"Alikuwa mlezi, bibi. Lakini mlezi huenda kwake jioni. Huyu alipotaka kwenda kwake ilibidi ajiombe yeye mwenyewe."

"Wajukuu zangu watapita hapo kila siku."

"Na mimi nitapita."

Tulivutana mpaka adhuhuri. Alitoa, nikarudisha. Nilitoa, akaongeza. Mwisho tukaandika hivi: mlezi wake, mwanamke aliyekuwa mtumwa katika nyumba hii, alimnyonyesha na kumpa jina lake, kisha akaudai uhuru wake akaupata. Bibi aliongeza neno "kwa haki" baada ya "akaudai" kwa mkono wake mwenyewe, mwandiko wa madrasa, wa kulala upande. Kisha akasema, "Sasa mlete huyo shangazi yako. Nataka kumwona aliyechungulia."

Kumpata shangazi aje haikuwa kazi ndogo. Alisema magoti hayamruhusu. Alisema kuku watamlia mahindi. Siku niliyomfuata na gari la jirani, nikamkuta amevaa kanga mpya na ameketi barazani tangu alfajiri.

Kibao kilikuwa kimeshasimamishwa. Nilimsomea akiwa amesimama mbele yake, ameshika mkono wangu. Aliniambia nisome na pale penye mtama. Nikamwambia habari ya mtama haimo, haikutosha nafasi. Akasikitika. "Hapo ndipo penye utamu," akasema.

Yule bibi alikuwa amesimama kwenye mlango mkubwa wa mbele, ule wa nakshi, ambao kwa kawaida hufunguliwa siku za harusi na maiti tu. Wazee wawili wakatazamana. Na hapo nikaona jambo ambalo sikulifikiria kabisa: nani atamwamkia nani? Kwetu mdogo husema shikamoo na mkubwa huitikia marahaba, na hakuna njia ya kati. Umri wa wote wawili haujaandikwa popote. Mmoja ni wa nyumba ya mawe, mwingine ni wa aliyetoka jikoni mwa nyumba hiyo, na nyuma ya kila mmoja wamesimama watoto na wajukuu, masikio yamewasimama.

"Wewe umezaliwa lini?" yule bibi akauliza.

"Sijui," shangazi akajibu. "Babu yako alipokuja kuzika, nilikuwa nimeng'oka meno ya mbele."

Bibi akahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. "Siku hizo mimi nilikuwa nabebwa mgongoni."

"Basi."

"Basi. Shikamoo, dada."

Shangazi hakuharakisha. Alivua viatu, akakivuka kizingiti kwa mguu mmoja, kisha wa pili, alipokuwa ndani kabisa ndipo akasema, "Marahaba, mdogo wangu. Hujambo?"

Waliketi wakala. Nilitegemea watazungumza habari za zamani, nikawa na kalamu mfukoni. Hawakuzungumza. Walizungumza magoti, na dawa ya shinikizo la damu inayowavimbisha miguu, na bei ya ukindu wa kusukia. Mimi niliinuka kila dakika, mara kutazama nje, mara kuchukua maji yasiyohitajika, mpaka binti wa bibi akaniuliza taratibu kama kuna mtu ninayemngoja.

Tulipokuwa tukirudi Majoreni, nilimwuliza shangazi ameionaje nyumba.

"Ina unyevu," akasema. "Na halua yao imezidi iliki." Akatazama nje dirishani mashamba ya miwa yakipita. "Jumanne utanipeleka tena. Nimemwambia nitamfundisha kusuka."